Oili Isiyorudi: Kuchagua na Kutumia Oili ya Msumeno wa Mnyororo

Shabaha ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mtumiaji anatarajiwa aweze: kueleza kazi ya oili katika bapa na mnyororo wa msumeno, kutofautisha oili inayofaa na isiyofaa, kupima mwenyewe, bila kifaa chochote cha gharama, kama oili inafika inakotakiwa, na kudai haki yake anapouziwa oili isiyolingana na maelezo yaliyoandikwa kwenye chombo chake.

Utangulizi

Katika Kata ya Issuna, Wilaya ya Ikungi, kama ilivyo katika vijiji vingi vya mkoa wa Singida, msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa petroli, ambao wengi huuita chenso, haumo katika kila nyumba. Mmoja huumiliki na wengi humkodi. Mgunga ukiangukia paa, tawi likielemea ukuta wa darasa, au familia ikitaka kupasua mbao za kenchi, huitwa fundi mwenye msumeno. Kwa sababu hiyo tumeliandika somo hili kwa watumiaji wa aina mbili: yule aliyenunua msumeno kwa fedha alizokusanya msimu hadi msimu, na yule anayemlipa fundi ili amfanyie kazi. Wote wawili hununua oili, ama kwa mkono wao wenyewe, ama ndani ya malipo ya fundi.

Kabla hatujaendelea, tukubaliane juu ya maneno matatu. Bapa ni kile kipande kirefu cha chuma kinachochomoza mbele ya injini, ambacho mnyororo huzunguka kwenye kingo zake. Mnyororo ni ule wenye meno ya kukatia. Oili ya mnyororo ni ile inayowekwa katika tangi lake la pekee ili ilainishe bapa na mnyororo. Neno mafuta tutaliweka kando, maana mkoani Singida mtu akisema mafuta, msikilizaji hufikiri kwanza alizeti.

Matangi mawili, kazi mbili

Msumeno wa petroli una matangi mawili. La kwanza huwekwa petroli iliyochanganywa na oili maalumu ya injini za aina hiyo. Mtengenezaji akiandika kipimo cha 50 kwa 1, maana yake ni mililita 20 za oili ya kuchanganya kwa kila lita moja ya petroli, au mililita 100 kwa lita 5. Akiandika 25 kwa 1, ni mililita 40 kwa kila lita moja. Oili hii huungua pamoja na petroli ndani ya injini.

Tangi la pili ni la oili ya mnyororo. Pampu ndogo huivuta oili hiyo na kuipitisha katika tundu lililo ubavuni mwa bapa. Kutoka hapo huingia katika mfereji mwembamba unaozunguka ukingo wa bapa, nayo miguu midogo ya mnyororo inayopita ndani ya mfereji huo huibeba hadi nchani na kuirudisha upande wa chini. Oili hizi mbili hazibadilishani nafasi. Ya mnyororo ikitiwa katika petroli huichafua injini. Ya kuchanganya ikitiwa katika tangi la mnyororo ni nyepesi mno, nayo hurushwa mbali kabla haijafanya kazi.

Hapa ndipo penye jambo ambalo tungependa kila msomaji alikumbuke hata akisahau mengine yote. Oili iliyomo ndani ya injini ya pikipiki huzunguka na kurudi ilikotoka, hadi siku ya kuibadilisha. Oili ya mnyororo wa msumeno hairudi. Hutoka tangini, hulainisha mara moja, kisha hurushwa juu ya mti, juu ya unga wa mbao, juu ya udongo, na kiasi fulani juu ya nguo na mikono ya fundi. Kila tone unalolitia litaishia mahali unapofanyia kazi. Kwa hiyo anayechagua oili ya mnyororo huamua mambo mawili kwa pamoja: nini kitakachoulinda msumeno wake, na nini kitakachomwagwa katika kiwanja, shamba au ua wake.

Kwa nini mnyororo haustahimili ukavu

Mnyororo wa msumeno ukiwa katika kasi kamili hukimbia karibu mita 20 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Mnyororo wa pikipiki huzunguka ukiwa umeshikwa na magurudumu ya meno mbele na nyuma, lakini wa msumeno huburuzwa juu ya ukingo wa chuma, chuma juu ya chuma, huku ukisukumwa dhidi ya mti. Pasipo utando wa oili kati yao, msuguano huzaa joto ndani ya muda mfupi sana.

Joto hilo huleta madhara yanayofuatana. Kwanza mnyororo hurefuka na kulegea. Pili, kingo za bapa hulika, mfereji hupanuka, na mnyororo huanza kuyumba hata ukate kwa upinde badala ya kunyooka. Tatu, pini zinazounganisha pingili za mnyororo huchakaa. Mwisho wa yote mnyororo huchomoka katika bapa au hukatika. Mnyororo unaokatika katika kasi tuliyoitaja humrudia fundi na watu waliosimama karibu. Hivyo ukavu wa mnyororo ni gharama ya bapa na mnyororo mpya, na pia ni hatari kwa mkono na uso wa mtu.

Mazingira ya nyanda za kati huongeza uzito wa jambo hili. Mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka. Miezi mingine ni mikavu, yenye upepo na vumbi. Vumbi hilo huchanganyika na utomvu na unga wa mbao, likauziba mfereji wa bapa na tundu la oili. Nayo miti migumu ya maeneo makavu, hasa iliyokwisha kukauka imesimama, huupa mnyororo kazi kubwa kuliko mti laini ulio mbichi.

Oili nzuri ina sifa gani?

Oili iliyotengenezwa mahususi kwa mnyororo wa msumeno ina sifa mbili ambazo oili nyingine huwa nazo kwa upungufu. Ya kwanza ni uzito wa kutosha: haichuruziki kama maji wakati wa joto, wala haiwi nzito kiasi cha kuishinda pampu. Ya pili ni mnato: huongezewa viambato vinavyoifanya ing'ang'anie mnyororo mahali unapogeuka nchani mwa bapa, ambapo oili isiyonata huruka yote. Ukiichovya kati ya kidole gumba na cha shahada kisha ukavitenganisha taratibu, oili ya namna hii hufanya uzi kabla ya kukatika. Jaribio hilo halithibitishi ubora wote, lakini humsaidia mnunuzi kugundua oili iliyopunguzwa kwa dizeli au mafuta ya taa, maana hiyo hukatika mara moja na hunuka.

Inapotokea kwamba oili maalumu haipatikani, kitabu cha maelekezo cha msumeno ndicho cha kufuatwa. Watengenezaji kadhaa huruhusu, kwa dharura, oili mpya na safi ya injini yenye uzito unaolingana na hali ya hewa, au oili ya gia. Neno muhimu hapo ni mpya na safi.

Oili chafu

Kando ya barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida mjini kupitia Issuna hupita malori mengi, na penye malori pana gereji, na penye gereji pana oili iliyokwisha kutumika. Huitwa oili chafu. Hupatikana kwa bei ndogo au bure, na baadhi ya watumiaji huitia katika tangi la mnyororo wakiamini kwamba, kwa kuwa itamwagika tu, haina haja ya kuwa nzuri. Hoja hiyo ina mantiki ya kiuchumi, nasi hatuidharau. Lakini haisimami, kwa sababu tatu.

Kwanza, oili chafu imebeba chembe za chuma zilizolika ndani ya injini, pamoja na masizi. Chembe hizo huisaga pampu ya msumeno, huziba kichujio na tundu, na hufanya kazi ya msasa kati ya mnyororo na bapa. Mtu aliyedhani anaulainisha mnyororo huwa anausugua.

Pili, imeshapoteza uzito na mnato. Hurushwa upesi, na fundi akiona mnyororo umekauka huongeza mtiririko, hivyo hutumia nyingi zaidi kwa kazi ileile.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, oili ya injini inapotumika hujikusanyia kemikali zitokanazo na mwako wa petroli au dizeli, na baadhi yake husababisha saratani. Kuigusa mara kwa mara kwa muda mrefu kunaweza kuleta saratani ya ngozi. Fundi wa msumeno huigusa kwa mikono anapoongeza, huivuta kwa pua inapopulizika kama ukungu, na hurudi nyumbani nayo katika shati ambalo mtu mwingine atalifua. Watengenezaji wakubwa, wakiwemo Stihl na Husqvarna, wamekataza katika vitabu vyao vya maelekezo kuitumia oili chafu kwenye mnyororo.

Tufanye hesabu ndogo. Msumeno wa ukubwa wa kati hubeba petroli kati ya nusu lita na robo tatu ya lita, na oili ya mnyororo karibu nusu ya kiasi hicho. Tuchukulie tangi la oili la mililita 300, nalo linajazwa mara nne kwa siku. Hiyo ni lita 1 na mililita 200 kwa siku moja. Kazi ikichukua siku 10, zimemwagwa lita 12. Hakuna mkulima atakayekubali kumwagiwa ndoo ya oili chafu katika shamba lake la alizeti, au karibu na kisima kifupi anachochota maji. Msumeno unaweza kuimwaga ndoo hiyohiyo, tone kwa tone, asijue.

Ipo pia njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Mkoa wa Singida unasifika kwa kuku wa kienyeji, na baadhi ya wafugaji hutandaza unga wa mbao au maranda katika mabanda. Unga uliotoka chini ya msumeno wa mnyororo umelowa oili iliyokuwa tangini. Ikiwa ilikuwa chafu, kuku watalala juu yake, wataparua na kudonoa ndani yake. Tunashauri unga wa msumeno wa mnyororo usitumike bandani hata kidogo. Yatumike maranda ya randa ya fundi seremala, ambayo hayana oili.

Je, alizeti inafaa?

Swali hili ni la haki kabisa mahali ambapo alizeti hulimwa na kukamuliwa jirani. Jibu letu ni kwamba inaweza, kwa masharti.

Wazo la kutumia oili ya mimea si geni. Katika nchi za Ulaya zipo oili za mnyororo zinazotengenezwa kutokana na mimea, na Austria ilitunga kanuni mwaka 1990 ya kuzuia oili za mnyororo zisizooza kwa urahisi, kwa sababu ileile tuliyoieleza: oili hii yote huishia msituni. Oili ya mimea huoza upesi katika udongo na haimwachii fundi sumu za mwako wa injini.

Hata hivyo oili hizo za viwandani zimeongezewa viambato ambavyo alizeti ya jikoni haina. Alizeti ya kawaida ina kasoro mbili. Ya kwanza ni wepesi: hairefushi uzi kati ya vidole, hivyo huruka mapema nchani mwa bapa. Ya pili ni kuganda. Kila mpishi ameuona utando wa manjano unaonata ukingoni mwa kikaango au mdomoni mwa chupa ya alizeti iliyokaa wazi. Utando huo ni alizeti iliyokutana na hewa na joto ikageuka gundi. Ndani ya msumeno hali huwa hiyohiyo. Ukiuacha wiki kadhaa ukiwa na alizeti tangini, pampu hukwama na mnyororo hushikamana na bapa.

Kwa hiyo, anayelazimika kuitumia azingatie yafuatayo:

1. Iwe safi, iliyochujwa vizuri na kuachwa ituame, bila mashudu wala maji.
2. Isiwe iliyokwisha kukaangia, maana hiyo ina makombo na imeshaanza kuganda.
3. Mtiririko uongezwe kidogo, ikiwa msumeno una skrubu ya kurekebishia, na mnyororo ukaguliwe mara nyingi zaidi.
4. Kazi ikiisha, tangi limiminwe, kisha litiwe oili maalumu kidogo na msumeno uendeshwe kwa dakika chache ili alizeti yote isukumwe nje.
5. Ikiwa msumeno bado uko ndani ya muda wa dhamana, muuzaji aulizwe kwanza, kwa kuwa matumizi yasiyotajwa kitabuni yanaweza kuifuta dhamana hiyo.

Alizeti basi ni msaada wa siku chache. Anayefanya kazi ya msumeno mwaka mzima atapata nafuu kwa oili iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kipimo cha mstari

Kipimo hiki huchukua chini ya dakika moja, nacho ni kwa mwenye msumeno na kwa mwenye kazi. Fundi auwashe msumeno na kuuacha upate moto kidogo. Kisha aielekeze ncha ya bapa juu ya kisiki kilichokatwa karibuni, kipande cha boksi au jiwe jeupe, kwa umbali wa shubiri moja hivi, bila kugusa chini. Aachie breki ya mnyororo na kuongeza moto hadi nusu ya kasi. Ndani ya sekunde chache mstari mwembamba wa matone ya oili unapaswa kuonekana juu ya kisiki au boksi, nao uzidi kukolea. Watu wengine wasimame mbali, na asiwepo aliye mbele ya ncha.

Mstari usipoonekana, injini izimwe na kazi isianze. Chanzo kitafutwe kwa utaratibu huu, kuanzia kilicho rahisi:

1. Tangi la oili lina kitu?
2. Bapa lifunguliwe, mfereji wake usafishwe kwa kipande cha waya bapa au ubao mwembamba, kuanzia upande wa injini kuelekea nchani.
3. Tundu la oili ubavuni mwa bapa lizibuliwe, pamoja na mahali oili inapotokea kwenye mwili wa msumeno.
4. Kichujio kilichomo ndani ya tangi kitolewe, kisafishwe au kibadilishwe.
5. Skrubu ya mtiririko, kama ipo, iangaliwe isije ikawa imefungwa mno.
6. Yote yakishindikana, pampu ipelekwe kwa fundi wa mashine.

Mazoea matano ya kila siku

Kwanza, kila unapojaza petroli, jaza na oili ya mnyororo. Misumeno mingi imepimwa ili petroli iishe kabla ya oili au pamoja nayo. Petroli ikiisha na ukakuta tangi la oili bado limejaa kama ulivyoliacha, usifurahie ubanaji wa matumizi. Jua kwamba oili haitoki.

Pili, futa vumbi kuzunguka kizibo kabla ya kukifungua. Katika siku za upepo, punje za mchanga zinazoangukia tangini ndizo zitakazoziba kichujio baadaye.

Tatu, kaza mnyororo ukiwa umepoa, injini ikiwa imezimwa na mkono ukiwa na glavu. Uguse ukingo wa chini wa bapa, lakini uweze kuvutwa kwa mkono. Ukiukaza ukiwa wa moto, ulegeze kidogo mwisho wa kazi, kwa kuwa hujikunja unapopoa na unaweza kulibana bapa na ekseli ya gia.

Nne, geuza bapa, upande wa juu uwe chini, kila unaponoa mnyororo au kuubadilisha, ili kingo zote mbili zilike sawasawa. Mnyororo mpya ulowekwe kwanza katika oili, kisha uzungushwe kwa kasi ndogo dakika chache kabla ya kukata.

Tano, noa mapema. Mnyororo mkali hutoa vibanzi. Uliobutuka hutoa unga laini na humlazimu fundi kuukandamiza msumeno. Oili haiponyi ubutu. Moshi ukitoka kwenye bapa, au kingo zikibadilika rangi kuwa bluu au nyeusi, angalia oili na ukali kwa pamoja.

Kununua kwa macho wazi

Oili huuzwa katika makopo yaliyofungwa kiwandani, na pia hupimwa dukani kutoka katika pipa hadi kwenye chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa. Njia ya pili huonekana kuwa nafuu, lakini humnyima mnunuzi vitu vitatu: maelezo ya bidhaa, uhakika wa kipimo, na ushahidi pale mambo yanapoharibika. Tunashauri mnunuzi afanye haya.

Asome kopo. Liwe na jina la bidhaa na la mtengenezaji, aina ya matumizi, uzito wa oili, ujazo na namba ya toleo, pamoja na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) pale inapohusika. Aangalie kifuniko kama muhuri wake haujakatwa na kubandikwa tena. Akijiuliza kama ujazo ni kamili, akumbuke kwamba Wakala wa Vipimo ndio unaosimamia usahihi wa vipimo vya biashara. Adai risiti ya EFD na kuitunza pamoja na kopo, hata likiisha, hadi aone msumeno umefanya kazi vizuri.

Bei isilinganishwe kwa kopo, bali kwa lita. Kopo la nusu lita lenye bei ndogo linaweza kuwa ghali kuliko la lita 4. Gawanya bei kwa idadi ya lita, kisha linganisha. Halafu weka pembeni bei ya bapa na mnyororo mpya, kama zilivyo katika duka unalonunulia, ujiulize ni lita ngapi za oili nzuri zingeweza kununuliwa kwa fedha hizo.

Ukigundua kwamba oili haina sifa zilizoandikwa, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti na kopo. Asipokusikiliza, mwone Afisa Biashara wa Halmashauri. Bidhaa zenye chapa bandia na mwenendo wa kumpotosha mlaji hushughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Masuala ya viwango hupelekwa TBS. Oili uliyobakiza usiimwage. Ndiyo kielelezo chako.

Ukimkodi fundi

Mwenye kazi asione haya kuuliza. Fundi mzuri hufurahi kuulizwa, maana swali humtofautisha na asiye mzuri. Yapo matatu ya kuafikiana kabla injini haijawashwa: ni oili gani itakayotumika na nani ataigharamia, kwamba kipimo cha mstari kitafanyika mbele ya mwenye kazi, na kwamba kibali cha kukata mti kimepatikana pale ambapo sheria za misitu hukitaka. Ikiwa wewe ndiwe unayenunua oili, usimpe fundi fedha za oili safi kisha ukaona chupa ya oili chafu ukanyamaza. Na ikiwa fundi ameeleza kwamba oili safi ina gharama, usimshurutishe ashushe bei hadi alazimike kutafuta oili gerejini. Akipunjwa fundi, hasara hurudi katika ua wako.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini oili ya mnyororo wa msumeno ni tofauti na oili ya injini ya pikipiki katika safari yake?
Jibu: Ya pikipiki huzunguka na kurudi, ya mnyororo hutoka mara moja na kuishia kwenye udongo, mti na nguo.

2. Fundi amemaliza tangi la petroli, na tangi la oili bado limejaa. Afanye nini?
Jibu: Asimamishe kazi, afanye kipimo cha mstari, kisha asafishe mfereji, tundu na kichujio.

3. Taja sababu mbili za kukataa oili chafu hata ikitolewa bure.
Jibu: Ina chembe zinazoulika msumeno, na ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani.

4. Msumeno umetumia alizeti kwa siku mbili, nao utakaa ghalani hadi baada ya mavuno. Ni lipi la kufanya leo?
Jibu: Kuimimina alizeti yote, kutia oili maalumu kidogo na kuuendesha msumeno kwa dakika chache.

5. Makopo mawili ya oili yana bei tofauti na ujazo tofauti. Utajuaje lililo nafuu?
Jibu: Kwa kugawanya bei ya kila kopo kwa idadi ya lita zake.

Hitimisho

Hekima ya wahenga inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu la oili ni dogo kuliko punje ya mahindi, lakini likiziba hugharimu bapa, mnyororo, pampu, na pengine mkono wa mtu. Tunamhimiza kila mtumiaji ajiulize swali moja kabla ya kufungua kizibo: oili hii ningekubali imwagwe hapa niliposimama? Jibu likiwa la, basi isiingie tangini.